Kikulacho

Halmashauri ya Tampere imewagawia wapishi wa shule
saa za mkanda wa mpira:
atembeaye hatua elfu kumi kwa siku
atapunguziwa bima.

Irja huosha masufuria.
Maji ya sabuni hupenya chini ya mkanda
yakakaa humo, mgeni asiyejua kuaga.

Wiki ya tatu ngozi ikaanza kusema.
Kwanza mwasho, kama unyoya.
Kisha vipele vyekundu vikajipanga mraba,
stempu kwenye bahasha
isiyo na anwani.

Saa tisa usiku anajikuna.
Taisto anakoroma. Theluji imelala,
yeye hajalala.

Asubuhi kioo kidogo kikamwarifu, kwa upole kabisa:
Usiku ulisumbuka. Jitahidi kupumzika.

Irja alicheka hata kahawa ikamwagika.
Kinahesabu kila kitu, hiki,
pumzi, ngazi, ndoto,
isipokuwa kujihesabu.
Kikulacho ki mkononi mwako, mama.

Akakivua. Akapaka zinki. Mkono ukapata hewa.

Na pale mezani, kando ya mkate wa shayiri,
taa yake ya kijani ikapepesa, ikapepesa,
ikatafuta damu ndani ya mbao,
ikaipa meza
mapigo sabini na mawili.