Saa Mbili na Kumi

Yadi ya Miritini ina mashine tano
na kila moja ina mwandiko wake.
Mizani ya malori hutanguliza mwezi, siku ikafuata,
kama mtu anayevaa shati kabla ya fulana.
Jenereta, sijui ilifunzwa wapi, iko nyuma saa tatu:
kwake jua la Changamwe huchwa kumi na tano na nusu.
Geti hutenga maneno kwa mkato, kreni kwa nuktamkato,
na friji hazina tarehe kabisa,
ni sekunde tu, tarakimu kumi zimeshikana mikono,
hesabu ya tangu mwaka ambao mama yangu
alikuwa hajaota meno.

Kazi yangu ni vichanganuzi.
Kwa kila mwandiko, kijiprogramu kimoja cha kuchomeka:
kinakaa mlangoni, kinapokea mstari,
kinapara magamba, kinatoa miba,
kinabakisha wakati, mahali, tukio.
Mfumo wenyewe hauguswi. Ikija mashine mpya
na lugha yake ya ajabu, unaandika kingine, unalala.

Nilikuwa navyo vitano.
Cha sita nilikuwa sijajua kwamba kinahitajika.

Mwero, mlinzi wa safu ya friji,
amepewa kishikwambi cha kampuni
na humo huandika jinsi anavyosema:
*Ijumaa, saa 2.10 usiku. D-17 taa nyekundu.
Nimempigia fundi wa zamu. Hashiki.*

Mfumo ukamsoma kwa jicho la mgeni.
Ijumaa, ukaona Ijumaa. Mbili na kumi, ukaona mbili na kumi,
na neno *usiku* ukalitema kama kokwa.
Friji ililia Alhamisi, ishirini na dakika nne.
Kwa hiyo mlinzi kachelewa saa sita,
na tani kumi na mbili za nguru zimeoza,
na barua ya kumwachisha kazi iko kwenye printa ya ghorofani
ikingoja sahihi.

Kwetu Kibokoni nani asiyejua
kwamba Ijumaa huingia na adhana ya magharibi,
usiku mbele, mchana nyuma?
Alhamisi jioni nyanya hufukiza udi,
husema, leo usiku wa Ijumaa, punguzeni kelele.
Mashine haina nyanya.

Nikaandika: ukikuta *usiku*, ongeza kumi na nane,
zikizidi ishirini na nne, ziondoe ishirini na nne.
*Asubuhi*, *mchana*, *jioni*, ongeza sita.
Na siku, tangu magharibi hadi usiku wa manane,
irudishe nyuma moja.
Nikakijaribu kwa maandishi yake ya mwaka mzima.
*Alfajiri* kikakwama, nikaongeza.
*Kasorobo* ikanila nusu saa.
*Wakati wa daku* nimeuacha, Ramadhani bado mbali.

Nikakichomeka.
Mistari ikahama kwenye kioo, ikapangika:
D-17 kulia, ishirini na nne.
Mwero, ishirini na kumi.
Dakika sita, kutoka kibanda chake hadi safu ya D,
kwa miguu, na goti lake lile.

Ukabaki mstari ambao hauna saa ya kugeuzwa.
*Hashiki.*

Fundi wa zamu Alhamisi ile ni mimi.
Simu ilikuwa mkobani, mkoba chini ya kiti,
kiti Kuze, kwenye hina ya binamu yangu Swabra,
na mikono nimeinyoosha mbele hivi, hina mbichi,
naogopa kushika chochote nisiharibu maua.
Niliiona asubuhi. Mara tisa alipiga.
Nikajisemea, friji ingekuwa na neno, mfumo ungesema.

Huko ghorofani viti vinavutwa, wamefika.
Kitufe cha kuhifadhi kiko hapa, kidogo, cha kijani.
Nakibonyeza kwa kidole ambacho bado chekundu
hadi kwenye kiungo cha kwanza.