Gramu Arobaini

Veikka ameshuka basi la saa tisa
na begi linalomzidi kimo,
linagonga mlango kabla yeye hajaniamkia.
"Shangazi Tuovi," anasema, "niko tayari."
Mwanangu, uko tayari kuhama, si kutembea.

Nalimimina lote sakafuni jikoni.
Naitoa mizani ya ndoano, ile ya kupimia samaki,
bado inanuka samaki wa mwaka jana.
Miaka ishirini na sita nilipeleka barua huku Inari,
kwa skii, kwa mashua, kwa miguu;
najua karatasi ina uzito gani
ikiwa nyingi,
au ikiwa moja yenye habari.

Haya.
Tochi mbili. Za nini? Ni Julai,
jua halizami huku, linazunguka tu
kama mgeni aliyesahau kuaga.
Zibaki.
Suruali ya jinzi: pamba ikilowa ni jiwe,
na haikauki mpaka urudi kwa mamako.
(Hapo anatazama dirishani. Naendelea.)
Nyundo ya vigingi! Mawe yamejaa kule, bure.
Makopo sita ya maharage, kilo mbili na nusu,
na kopo tupu nalo utalirudisha, haliozi.
Chukua unga wa shayiri, jibini ngumu,
mkate wa rai uliokauka
hata panya wangu wameukatia tamaa.

Soksi za sufu jozi tatu: mbili za kutembelea,
moja ya kulalia, na hiyo usiiguse mchana
hata miguu ikulilie.
Kiberiti mahali pawili, mfukoni mwako na mwangu,
maana mmoja wetu ataanguka mtoni
na bado hatujajua ni nani.

Ananiuliza kwa nini naukata mpini wa mswaki.
Namwambia haba na haba hujaza kibaba,
na kibaba, ukikipandisha mlima, hugeuka pishi.

Kisha chini kabisa, ndani ya soksi,
funguo.
Tatu, na kibao cha plastiki chenye namba ya ghorofa.
"Kule hakuna mlango," nasema. "Hema lina zipu."
Hajibu. Anazifumbata.
Ndipo nakumbuka sauti ya kaka yangu kwenye simu:
nyumba imeuzwa, Agosti wanaikabidhi,
mke anahamia Turku,
yeye bado anatafuta chumba.

Namwomba. Ananipa. Nazitundika kwenye ndoano.
Mshale hautikisiki;
mizani ya samaki haioni kitu kidogo hivyo.
"Gramu arobaini," nakisia,
"labda arobaini na tano."
Husemwa mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.
Huu nimeushika.
Nazibana kwa pini mfuko wa ndani, upande wa mgongo,
maana kizito hukaa karibu na uti,
ndiyo kanuni, sikuitunga mimi.

Koti la mvua juu kabisa: mvua haipigi hodi.
Begi lake kilo tisa na ushei.
Anajaribu kuruka nalo. Anaruka.
Langu kumi na tatu, hema na sufuria ni juu yangu,
na tusibishane.

*

Usiku wa pili, mwanga bado ni wa alasiri,
samaki wawili wameiva juu ya makaa,
mbu wanatuimbia bila kualikwa.
Natia mkono mfuko wa kulia.
Wa kushoto.
Wa juu.
Veikka ananitazama tu.
Chumvi.

Naiona waziwazi: meza ya jikoni,
pembeni mwa mizani,
ndani ya kichupa nilichokipima mara mbili.

Ameegemea begi lake, anacheka
mpaka funguo zinalia humo ndani,
na tunakula samaki hivyo hivyo.