Kopo la Kahawa

Jana luku iliisha saa mbili kasoro,
Elinami ana waya mdomoni
na redio ya mbao, ya mwaka sijui gani,
ndiyo kwanza inakohoa.

Tukacheka gizani. Kisha tukanyamaza.

Chumba hiki cha Kiborloni, jamani,
hakilipiwi kwa mapenzi ya redio.
Kodi anaitoa Ndeshi, mwezi wa tatu huu,
kwenye pesa yake ya ndizi, kimya.

Nimeweka kopo la kahawa mlangoni.
Sitasimama pembeni kuhesabu.
Mwenye mia tano, atie. Asiye nayo
aje na lehemu, aje na mshumaa,
aje.

Mlima umejifunika leo; tunajua upo.
Nanyi, tunajua mpo.