Kawa la Kahawa

Saa tisa, Kibokoni imelala kwa joto,
hata paka wa Bi Zuwena wamenyooka sakafuni kama kamba.
Mimi niko mezani, miwani puani, kioo cha kukuzia mkononi,
kibanio kimeshika stempu isiyozidi ukucha wa gumba.
Pembeni, finjani ya kahawa tungu,
tangawizi imeingia sawasawa,
yafuka moshi.
Moshi huo ndio saa yangu.

Watu husema: Mombasa nayo, kitu kitapoaje?
Shati lina moto, mto wa kulalia una moto,
maji ya mfereji yatoka kama yaliyopashwa.
Ila kahawa. Kahawa hupoa hapa kama popote,
hasa mtu akihesabu meno ya stempu:
kumi na mbili juu, ubavuni kumi na mbili...
au kumi na tatu?
Anza tena.
Ukimaliza, finjani i baridi kama salamu ya shemeji aliyenuna.

Mwenye kosa ni pangaboi.
Likizunguka, laipuliza kahawa
na stempu zaruka kama kumbikumbi hadi ukumbini.
Likizimwa, jasho lanitona puani,
na gundi ya miaka sitini haiulizi jasho la nani,
hushika tu.

Nimejaribu.
Chupa ya chai: kahawa ikatoka na iliki ya jana.
Soksi: niliivisha finjani soksi ya sufu,
Mwanahalima akacheka mpaka akakaa chini.
Chetezo, nayo ilikuwa akili hasa:
makaa mawili, majivu juu,
dele likaketi hapo kama bwana arusi
na kahawa ikabaki moto mpaka magharibi,
ila ilinukia udi, nikawa kama nanywa kanzu ya mgeni.
Tena cheche ikaruka.
Malkia mmoja amebaki na tundu shavuni.

Juzi ndipo nilipofika kilele cha aibu.
Stempu hubanduliwa bahashani kwa maji vuguvugu;
nina kibakuli cha kazi hiyo, kushoto.
Finjani, kulia.
Mkono haukuniuliza.
Nikamlowesha kongoni kwenye kahawa
na kabla sijatanabahi nikapiga funda la maji ya gundi.
Kongoni, kusema kweli, alitoka na rangi yake halisi
kuliko alivyochapwa.

Mwanahalima alikuwa mlangoni.
"Kwani wewe kahawa wainywa au waifuga?"
Akaenda jikoni, akarudi na kawa,
lile la ukindu, jekundu kwa jeusi, la wali wa wageni,
akalitua juu ya finjani:
kofia ya jitu kwenye kichwa cha mtoto.
Stempu akazilaza chini ya kioo
alichokichomoa kwenye picha ya arusi yetu.
"Funika kombe," akasema, "pangaboi lipite."
Akaliwasha.

Kahawa, kawa, kukawia.
Leo nimekaa nikiyachezea maneno hayo ulimini
huku natafuta stempu ya kaa, ya senti thelathini,
ambayo muhuri umekula jina la nchi.
Asubuhi ilikuwepo.
Chini ya mkeka, hamna. Ndani ya daftari, hamna.
Kwenye pindo la kikoi changu, hamna.
Nje, muuza kahawa apita akigonganisha vikombe,
anicheka, naona, bila kunijua.
Alasiri yaadhiniwa.

Nilipokumbuka, nikalifunua kawa.
Finjani tupu.
Ukingoni, alama ya midomo isiyo yangu,
na kwenye kisahani, mkavu, salama,
kaa wangu, magando yote mawili juu.

"Ilikuwa moto?" nikauliza kuelekea jikoni.
Kimya kidogo. Sauti ya maji.
"Moto sana," akasema.
"Teleka nyingine."