Kipimo cha Mkono

Miaka kumi na tisa nilivunja mawe ya chumvi
ziwani Katwe, maji makali yakinifika kiunoni,
mtaimbo ukigonga chini, mtu haoni anachogonga.
Jiwe la ziwani lina unafiki wake:
ndani ya maji ni mtoto anayekubali kubebwa,
likivuka uso wa maji, ni maiti.
Basi mkono ukajifunza kuogopa mapema,
kukaza kabla haujaambiwa.

Chumvi ikanila ncha za vidole.
Nikishika kiberiti sijui kama nimekishika
mpaka nikitazame.
Kabugho akasema: Yatosha. Twende njiapanda, Kikorongo,
tukaange chapati na mayai. Wasafiri hawaishiwi njaa.

Yai la kwanza lilifia kiganjani.
La pili vilevile.
La tatu nililishika kwa adabu, likateleza,
likamwangukia mbwa wa jirani,
ambaye tangu siku hiyo amehamia kwetu.
Trei nzima asubuhi moja!
Kabugho hakugomba. Alihesabu tu, kwa sauti.

Usiku nikafanya mazoezi na nyanya mbivu,
kisha yai la kuchemsha,
kisha bichi, taa imezimwa,
nikilisikiliza zaidi ya kulishika.
Mkono humuuliza jicho: kizito?
Jicho hukisia, halikubali kwamba limekisia,
na hapo katikati ndipo vitu huvunjika.

Siku hizi napasua mayai sitini kabla jua halijawaka,
ukingoni mwa kikombe, pale ninapotaka mimi.

Juzi Bwambale akashuka kwenye lori la chumvi,
akaweka mezani kifurushi cha gazeti
kisichozidi mkate mdogo.
"Cha mboga zenu."
Nikakinyakua kwa kushoto, kulia nikigeuza chapati.
Mkono ukapanda.
Gazeti likapanda nao, limechanika,
na jiwe limekaa palepale mezani, jeupe,
kama mgeni aliyekataa kuamka kitini.

Bwambale alicheka hadi akashika nguzo ya kibanda.
Nami nikacheka; lilikuwa jambo la kuchekwa,
mtu wa Katwe kushindwa na kilo tatu.

Kabugho peke yake hakucheka.
Alivichukua vidole vyangu, akavifinya kimoja kimoja.
"Hapa unasikia? Na hapa?"

Kidogo, nikasema.
Chapati ikaungua.