Mzungu wa Nne

Mwaka ule mashine ya kupandia ilishikwa na wazimu,
ikamwaga mbegu kama mlevi anayelipa madeni:
mbili pa moja, tano pa mbili.
Mume wangu Rufino alikitukana chuma mpaka Balcarce wakasikia,
kisha akasema, basi, zitajijua.

Zilijijua.

Mwezi wa kumi na mbili akaja binti wa chuo, Yamila,
buti za kaka yake, kipimapembe shingoni kwa kamba ya kiatu.
Wiki nzima alipiga magoti kati ya alizeti.
Nikampelekea maji, nikamuuliza anatafuta nini.
"Napima zinavyoonana," akasema.

Sikucheka. Miaka thelathini na mmoja naishi
mita mia mbili kutoka kwa shemeji yangu Anselmo.
Kuonana bila macho nakujua.

Alinieleza, nami naeleza nilivyoshika.
Jani linakula wekundu wa jua mpaka linalamba sahani,
lakini upo wekundu mwingine, wa pembezoni kabisa,
ambao jicho letu halikupewa.
Huo jani haliutaki. Linautema.
Basi mche ukipigwa ubavuni na makombo hayo
unajua: kuna mtu hapa, naye anakula.
Kivuli bado hakijafika. Jua limejaa tele utosini.
Habari ya njaa imeitangulia njaa.

Na mche hauna miguu ya kuhama.
Ulicho nacho ni shina, unalivuta.
Unanyanyua majani kama mwanamke anayevuka tope na sketi yake,
unaacha kunenepa, unaiibia mizizi,
unatoka mrefu, mwembamba, mwepesi wa kuvunjika.
Nimewaona wavulana wakirefuka hivyo
katika nyumba ya baba mwenye sauti kubwa.

Lakini zetu, za mashine mbovu, zilifanya jingine.
Yamila alinishika mkono, akanisimamisha mwanzo wa mstari.
"Tazama kwa urefu."
Mche wa kwanza umeinamia mashariki, wa pili magharibi,
wa tatu mashariki, wa nne magharibi,
hivyo hivyo mpaka macho yakachoka.
"Nani kaipanga?"
"Hakuna. Mmoja umeyumba, wa pili umejibu."
Nyuzi kumi. Kumi na mbili. Akaandika.

Nikakumbuka kitanda cha chuma nyumbani kwa mama mkwe,
chembamba kama benchi la kanisa.
Rufino na Anselmo walilala humo mzungu wa nne,
kisigino cha huyu sikioni mwa yule,
hadi mkubwa alipoitwa jeshini.

Usiku ule mezani nilimsimulia Rufino.
Aliendelea kukata mkate.
"Anselmo alikuwa na miguu ya barafu," akasema,
na hilo ndilo jina la kaka yake nililolisikia kinywani mwake
tangu mipopla ile ipandwe mpakani.

Kwa maana kuna mipopla. Kila alasiri kivuli chake
kinaruka waya, kinaketi juu ya mistari yetu minne ya mwisho.
Huko Yamila alipima siku moja tu, akafunga daftari.
Huko hapakuwa na kupokezana: shina zote, bila hata moja kubaki,
zimeinamia kwetu.
Mpopla haujibu, alisema. Umeshapanda juu, hauna haja ya kuyumba.

Sikumsimulia Rufino hilo. Alikwenda kuliona mwenyewe.
Kwenye dirisha la jikoni nilimwona saa ya magugu kuwa meusi,
amesimama wayani, bega moja chini,
na ng'ambo, kati ya vigogo, mtu akakohoa
kikohozi ninachokifahamu.

Nilizima taa.
Sikutaka mwanga wangu ufike pale kabla ya neno.