Kibati cha Tawi la Tatu

Saa tano usiku, Ligula. Umeme umerudi shingo upande
na feni inakata hewa ile ile.
Mbele yangu daftari, mistari nimeichora kwa rula ya mwanangu:
safu ya kwanza hitilafu, kisha matawi,
la sita, la tano, la nne,
na la tatu, ambalo mjini wanasema lilishakufa,
isipokuwa maghala kumi na moja yanapimia korosho humo.

Hitilafu yenyewe ndogo, ya kuaibisha:
mzani ukipita kilo mia, programu inatoa uzito wa gunia
mara mbili.
Kilo moja tu. Zidisha kwa msimu,
zidisha kwa Bi Somoe Nantende wa Kilimarondo,
aliyepiga simu, hakutukana,
alisoma stakabadhi zake moja moja
mpaka salio likakata.

Kiraka nilikishona Oktoba, mistari minne,
kwenye tawi la sita lenye afya.
La tano likakipokea bila kelele.
La nne lilinuna, nikakipunguza pindo.
Na la tatu daftari linasema: Kimefika.
Mwandiko wa Chilumba, wino wa kijani, tiki kubwa kama jembe.

Simlaumu.
Kiraka kikihama tawi hupewa namba nyingine,
kama mtoto anayeandikishwa shule mpya kwa jina la mjomba;
anayemtafuta kwa jina la baba
atapita mbele ya dawati lake asimwone,
au atamshika bega mtoto mwingine.
Chilumba alishika bega la kiraka cha risiti.

Mama yangu alibebesha mikorosho kule Nanyamba.
Alikata mti uliochoka, akasubiri uchipue,
akachomeka kikonyo cha mti bora, akafunga nailoni.
Na kabla ya kunawa utomvu
alichukua kipande cha kopo la rangi, akakwaruza:
kimetoka mti gani, lini, mkono wa nani.
Tulimcheka. Kwani mti si unajulikana?
Hakujibu; msumari ulikuwa mdomoni.

Nafungua tawi la tatu. Kiraka hakikai.
Huku uzito unaitwa "uzto",
aliyeandika aliruka herufi akahamia Dodoma,
na hesabu inafanyika mahali pawili,
pamoja pamejificha kwenye kuchapa risiti.
Mistari minne inakuwa tisa.
Naweka gunia la uongo, kilo mia na ishirini.
Mara mbili.
Narekebisha. Mara mbili.
Nanywa maji. Mara moja.

Chini ya kiraka naandika maneno marefu kuliko kiraka:
kimetoka tawi la sita, namba hii,
kimebadilishwa kwa sababu hii,
mkono wa Sharifa Namkaa, usiku wa tarehe tatu.

Tiki ya Chilumba siifuti.
Naipiga mstari mmoja, iendelee kusomeka.
Alfajiri basi la Nachingwea litabeba flashi,
na kila ghala mtu anipigie anitajie namba
anayoiona kwenye kioo,
asiniambie "tayari".

Safu ya tatu naiacha tupu.
Nimemtumia Bi Somoe vocha ya elfu mbili.
Alikuwa amefika stakabadhi ya kumi na saba.